Inverta ya pampu: kutoka mkono kwenda otomatiki bila kupasua bomba

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi umeme kwenye mradi wa maji mkoani Iringa. Tuna pampu ya kW 37 inayosukuma maji kwenye mtandao wa mabomba ya PVC ya PN 6 (yaani ya kuhimili presha ya bar 6), wenye tangi mlimani lililofungwa valvu ya boya. Mota inaendeshwa na inverta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) ya ABB ACS550 iliyowekwa makro ya PID, yaani mpangilio wa kiwandani unaoifanya ipandishe na kushusha kasi yenyewe ili kushika presha inayotakiwa. Sensa ya presha ni ya bar 0 hadi 10, ishara yake mA 4 hadi 20. Mlangoni kwa paneli kuna swichi ya Mkono-0-Otomatiki na potenshiomita. Kwa mkono tunaiendesha Hz 44 bila shida. Tukiirudisha otomatiki inapaa hadi Hz 50 na haishuki, na usiku mabomba yanapasuka. Kuna siku nyingine inapaa yenyewe ikiwa otomatiki, hakuna aliyegusa kitu. Pia umeme ukikatika na kurudi, inajiwasha hata kama iko kwenye mkono. Waendesha pampu sasa hawataki hata kusikia neno otomatiki. Nikifunga valvu ya kutokea, kwa Hz 50 geji inasoma bar 7. Pampu ikisimama inasoma bar 4. Presha tunayoitaka ni bar 5. Nifunge waya vipi na niseti nini? Bosi wangu anasema dawa ni kununua PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na asante kwa kuleta vipimo. Bar 7 na bar 4 ulizoziandika ndizo zinazoniwezesha kukujibu kwa uhakika. Naamini inverta yako haina ubovu wowote. Inatii kile ilichoambiwa, ila imeambiwa kitu ambacho ninyi hamkukusudia.

Tuanze na hiyo potenshiomita, maana nadhani ndiyo inayopasua mabomba yenu. Kwenye makro ya PID ya ACS550 (parameta 9902 ikiwa 6), ingizo la AI1, lenye waya wa potenshiomita, lina kazi mbili. Swichi ikiwa mkono, AI1 ni amri ya kasi. Swichi ikiwa otomatiki, AI1 hiyohiyo inageuka kuwa presha lengwa ya PID. Mwendesha pampu akizungusha potenshiomita hadi asilimia 88 ili apate Hz 44, anapata Hz 44 kweli. Kisha anageuza swichi kwenda otomatiki bila kuigusa tena potenshiomita, na inverta inasoma asilimia 88 ya sensa ya bar 10, yaani bar 8.8. Pampu yako uwezo wake wa mwisho ni bar 7. Kwa hiyo PID inaitafuta presha isiyoweza kupatikana, inapandisha kasi hadi kikomo na kubaki hapo. Mchana watu wanachota maji, presha inashuka, hakuna anayejua. Usiku bomba za majumbani zimefungwa, tangi limejaa na boya limefunga, presha inakaribia bar 7 ndani ya bomba la PN 6. Ndipo yanapopasuka.

Dawa yake ni kuitenganisha presha lengwa na potenshiomita. Nenda parameta 4010, uchague 19, maana yake presha lengwa ya ndani. Kisha kwenye 4011 weka asilimia 50, au bar 5.0 kama umeshapanga vipimo kwa parameta 4006 hadi 4009. Kuanzia hapo potenshiomita ni ya mkono peke yake, na yeyote anaweza kuichezea mota ikiwa otomatiki bila madhara. Hakikisha pia 1304 ni asilimia 20, kwa kuwa mA 4 ni asilimia 20 ya mA 20. Bar 5 itasomeka kama mA 12; chukua mita yako upime kwenye waya wa sensa, ulinganishe na geji ya bomba. Visipolingana usiendelee na jingine lolote hadi ujue kwa nini.

Sasa zile siku inapopaa bila kuguswa. Hapo nashuku waya wa sensa. Ishara ya mA 4 hadi 20 ilipangwa ianzie 4 ili waya uliokatika utofautishwe na presha ya sifuri: bar 0 ni mA 4, waya uliokatika ni mA 0. Lakini faida hiyo ipo tu kama inverta imeambiwa iangalie. Isipoambiwa, mA 0 inachukuliwa kama hakuna presha kabisa, na PID inafanya kile ambacho ingefanya pampu ikiwa haisukumi maji, yaani inaongeza kasi. Skrubu iliyolegea kwenye teminali namba 5, au maji yaliyoingia kwenye plagi ya sensa, yanatosha kuleta hali hiyo kwa dakika chache kisha ikapotea, na ukifika unakuta kila kitu kizima.

Weka 3022, ambayo ni kikomo cha hitilafu cha AI2 (ingizo la sensa, teminali 5), iwe asilimia 18. Hiyo ni mA 3.6. Ikibaki sifuri, kinga haitafanya kazi hata ukiwasha 3001. Kisha 3001 ina uchaguzi wa aina tatu: kusimamisha mota kwa hitilafu, kwenda kasi maalumu namba 7, au kubaki na kasi ya mwisho. Kwa mradi wa maji mimi huchagua 2, yaani kasi maalumu namba 7, ambayo inaandikwa kwenye 1208. Ukiandika Hz 42, hata mtandao wote ukiwa umefungwa pampu itatoa takriban bar 4.9. Mji unaendelea kupata maji kiasi, bomba halipasuki, na kwenye paneli kuna onyo la kukuita. Kubaki na kasi ya mwisho sikushauri. Kasi iliyofaa saa 12 jioni watu wakichota inaweza kupasua bomba saa 6 usiku.

Hizo bar 4.9 nimezipata kwa kanuni ambayo ningependa uiandike ndani ya mlango wa paneli. Presha ya pampu ya sentrifugo hufuata kasi mraba. Hz 42 ni 0.84 ya Hz 50. Mraba wake ni 0.71, zidisha kwa bar 7 za valvu iliyofungwa. Kwa kanuni hiyohiyo unapata mipaka ya upande wa mkono, na hili naliona ni muhimu kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Geji inasoma bar 4 pampu ikiwa imesimama, kwa sababu tangi liko juu. Maana yake, kasi isiyoweza kutoa bar 4 haipandishi hata tone. Hesabu inatoa Hz 37.8. Mwendesha pampu akiweka Hz 30 kwa mkono, mota inazunguka, taa zinawaka, ammita inasoma, lakini valvu ya kuzuia maji kurudi haifunguki. Maji yaleyale yanazungushwa ndani ya pampu hadi yanapata moto, na sili inaungua. Kwa upande wa juu, Hz 46 inatoa bar 5.9 mtandao ukiwa umefungwa, na hapo bado uko ndani ya PN 6. Kwa hiyo weka 1104 iwe Hz 38 na 1105 iwe Hz 46. Potenshiomita ikiwa chini kabisa inatoa 38, ikiwa juu kabisa inatoa 46. Hakuna mahali pa kuizungusha panapovuka bar 6, wala panaposhuka chini ya kasi ya kupandisha maji. Weka pia 2007, kasi ya chini ya mfumo mzima, iwe Hz 38.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye swichi yenyewe.

Kila inverta inayobadilishwa kati ya mkono na otomatiki inajibu maswali mawili tofauti: nani anaamuru mota iwake, na nani anaamuru kasi. Fundi akihamisha kimoja na kusahau kingine ndipo yanapozaliwa mambo yasiyoeleweka, kama mota inayokwenda kwa kasi ya otomatiki huku amri ya kuwaka inatoka mkono. ABB wanavipanga viwili hivi katika vituo viwili vya amri, EXT1 na EXT2, kila kimoja na amri yake ya kuwaka na chanzo chake cha kasi. Kwenye makro yako EXT1 ndiyo mkono: inawashwa na DI1 (DI ni ingizo la swichi, la kuwaka au kuzima tu), kasi inatoka AI1. EXT2 ndiyo otomatiki: inawashwa na DI6, kasi inatoka kwenye PID. DI2 ndiyo inayochagua kipi kisikilizwe, na DI5 ni ruhusa ya kuendesha, inayohusu vyote viwili.

Basi funga hivi. Unganisha teminali 11 na 12 kwa kipande cha waya, halafu chukua volti 24 kutoka teminali 10 upeleke kwenye swichi. Kontakti ya upande wa otomatiki iende DI2 na DI6 kwa pamoja, yaani teminali 14 na 18. Kontakti ya upande wa mkono iende DI1, teminali 13, lakini isiende moja kwa moja, nitaeleza punde. Kwenye 0 kontakti zote ziko wazi, inverta inarudi EXT1 isiyo na amri ya kuwaka, mota inasimama. DI5, teminali 17, ipitie mfululizo wa kinga: swichi ya kiwango cha maji kwenye tangi la kunyonyea, na swichi ya presha ya juu iliyowekwa kukata kwenye bar 6. Kinga hizi ziko DI5 ili zikate bila kujali swichi ya mlangoni imeelekea wapi. Nimeona paneli nyingi ambazo kinga zote zimefungwa upande wa otomatiki tu, kwa hoja kwamba mkono ni wa dharura na mtu yupo. Mtu huyo anakwenda kunywa chai, na pampu inanyonya hewa. Mkono ndio wakati ambao kinga inahitajika zaidi, kwa sababu PID haipo kushusha kasi.

Kitufe cha dharura kisiishie DI5. Hiyo ni ishara ya kudhibiti, si kinga ya maisha ya mtu. Kitufe hicho kikate kontakta kuu, au kiingie kwenye STO (ingizo la usalama linaloinyima mota nguvu ya kuzunguka) kwa inverta zenye nafasi hiyo.

Kuhusu kujiwasha umeme unaporudi: amri ya swichi yenye kubaki imefungwa inaendelea kuwepo umeme ukirudi, na ABB wenyewe wanaonya katika kitabu chao kwamba inverta itaanza mara moja. Kwa otomatiki hilo linafaa, maana maji yanatakiwa yaendelee usiku bila mtu. Kwa mkono halifai hata kidogo, maana huenda mtu aliyeiwasha ameshaondoka au ameingiza mikono kwenye kapling, kiungo cha mota na pampu. Ndiyo sababu nimesema kontakti ya mkono isiende moja kwa moja DI1. Ipitishe kwenye relei ndogo ya volti 24 inayojishikilia, yenye kitufe cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Umeme ukikatika relei inaachia. Ukirudi, pampu haiwaki hadi mtu asimame mbele ya paneli na kubonyeza.

Kwa mpangilio huu, ukitoka otomatiki kwenda mkono pampu itasimama kwanza hadi ubonyeze kijani. Wapo watakaokuambia ni kasoro. Kwa kazi yenu sioni kasoro, kwa kuwa sekunde chache bila pampu hazimnyimi mtu maji. Cha kuzuia ni pigo la maji kwenye bomba, na hilo linazuiwa kwa kuweka 2102 iwe 2, mota ishuke kasi taratibu badala ya kuachwa ijizungukie, na 2202 na 2203, muda wa kupanda na kushuka, viwe kama sekunde 20. Kabla ya kugeuza kurudi otomatiki, waendesha pampu wazoee kuifikisha presha karibu na bar 5 kwa mkono kwanza. PID ikianza kazi ikiwa na tofauti ndogo, haina sababu ya kurukia juu.

Ukihitaji wewe fundi kuchukua usukani pampu ikiwa inakwenda, kwa mfano unachunguza mtetemo, kuna njia nzuri kwenye kidhibiti chenye skrini. Bonyeza LOC/REM na uishikilie kama sekunde mbili. Inverta inahamia LOC, yaani inatii kidhibiti chake peke yake, huku ikinakili hali na kasi iliyokuwepo, na mota haitikisiki. Lakini elewa maana yake: ikiwa LOC, swichi ya mlangoni haina nguvu. Mtu akiigeuza kwenda 0, mota inaendelea. Hili ni hatari kwa waendesha pampu waliofundishwa kuwa 0 ni kuzima. Kwa matumizi ya kila siku weka 1606 iwe 7 ili LOC ifungwe, uifungue wewe mwenyewe unapofanya kazi, na uirudishe kabla hujaondoka. Kama siku moja utakutana na Danfoss, vitufe vyake vya Hand On, Off na Auto On viko wazi kwenye kidhibiti na vinafanya jambo linalofanana na hili. Parameta 0-40 ndiyo inayoruhusu au kuzuia kile cha mkono.

Kuna usingizi pia, ambao watu huuseti kwa kubahatisha. Ili pampu ipumzike usiku, kiwango cha kulala kwenye 4023 kinatakiwa kiwe juu kidogo ya kasi inayoshikilia bar 5 bila maji kutoka. Kwa pampu yako kasi hiyo ni Hz 42.3. Ukiweka 39, haitalala kamwe, kwa sababu PID haitashuka chini ya 42 ikiwa inatakiwa ishike bar 5. Jaribu 43, na 4024 iwe sekunde 60, na kuamka kwenye 4025 iwe tofauti ya bar 0.5. Kisha bandika maandishi makubwa kwenye mota: pampu iliyolala inaweza kuamka wakati wowote. Kimya chake si ruhusa ya kufungua gadi ya kapling. Kabla ya kugusa chochote cha kuzunguka, swichi kuu izimwe na kufuli iwekwe, ufunguo uwe mfukoni mwa anayefanya kazi. Na ukifungua inverta yenyewe, subiri dakika 5 baada ya kukata umeme, halafu pima kwa mita, ndipo uguse.

Onyo moja la kazi: usije ukabadilisha 9902 kwa kujaribu. Ukichagua makro nyingine, karibu kila parameta uliyoipanga inarudi ya kiwandani, isipokuwa data za mota na chache nyingine. Pakia nakala kwenye kidhibiti kwanza, na pia uiandike kwenye daftari linalokaa ndani ya paneli.

Ukimaliza, ijaribu mchana, mtu mmoja akiwa kwenye geji na mwingine kwenye paneli. Ikiwa otomatiki, zungusha potenshiomita kutoka mwanzo hadi mwisho, presha isibadilike. Chomoa waya wa teminali 5. Kasi iende Hz 42 na onyo litokee. Inua boya la tangi la kunyonyea kama vile maji yameisha, au lishushe kulingana na lilivyofungwa. Mota isimame, kwa otomatiki, kwa mkono, na hata ikiwa LOC. Zima umeme mkuu ikiwa mkono, usubiri, uwashe; mota isiwake. Waite waendesha pampu wawepo wakati wa majaribio haya na wageuze swichi wenyewe. Waliacha otomatiki kwa sababu iliwapasulia mabomba. Hawatairudia kwa maneno, watairudia kwa kuona.

Kuhusu PLC, mwambie bosi kwa heshima kwamba kwa pampu moja inayoshika presha moja, PID iliyo ndani ya inverta inatosha. PLC inakuja na maana mkiongeza pampu za kupokezana, au mkitaka kuona kiwango cha tangi la mlimani kwa mbali. Hata siku hiyo, waya wa mkono usipitie kwenye PLC. Uende inverta moja kwa moja kama nilivyoeleza, ili PLC ikifa mji usikauke. Fedha za sasa nunua swichi ya presha ya juu, sensa ya akiba, na geji ya mshale yenye uso mpana, uifunge mahali ambapo mtu aliyeshika potenshiomita anaiona bila kugeuka.